Kwa Heshima ya Skrini Isiyojifuta

Wengine husifu viongozi, wengine timu za mpira. Mimi naisifu kasoro isiyo na mtetezi: ile inayoiacha skrini ya htop na maandishi mapya yaliyopandana na ya zamani.

Kwa asiye fundi, htop ni programu tunayoifungua kwenye dirisha jeusi ili tuone nani anakula prosesa ya seva na nani anamaliza memori. Kwa kawaida huchora orodha upya kila sekunde moja na nusu. Sisi tunaokaa Musoma tukichunga mashine zilizoko Bunda na Butiama tunashinda nayo kutwa kucha, kwa mtandao wa simu.

Tuanze na nasaba, maana kasoro hii si mtoto wa mitaani. Mwaka 1984 Mmarekani William LeFebvre aliandika programu ya top. Mwaka 2004 Mbrazili Hisham Muhammad akaleta htop. Kazi ya kuchora inafanywa na maktaba za ukoo wa curses, aliouanzisha Ken Arnold kule Berkeley zama ambazo laini za mawasiliano zilikuwa zikijikokota. Ili kuokoa muda, maktaba hukumbuka ilichoandika mara ya mwisho, kisha hutuma herufi zilizobadilika tu. Ujumbe wa mfumo ukijipenyeza katikati, au dirisha likibadilishwa ukubwa, kumbukumbu inasema lake na skrini inasema lake. Kumbe mzazi wa kasoro hii ni kubana matumizi. Sisi tunaohesabu MB za kifurushi tutamtukanaje mtoto wa nyumba hiyo?

Pili, ni karimu. Namba 100 ikishuka hadi 9, na 9 ikaandikwa kushoto bila sufuri mbili za zamani kufutwa, utasoma 900. Yuko wapi mhasibu awezaye kukuza mapato kwa kasi hiyo na asiitwe na mkaguzi?

Tatu, haisahau marehemu. Programu imekwisha kufa, lakini jina lake limebaki kwenye orodha pamoja na mgawo wake wa memori. Mwaka 2016 nchi nzima ilihangaika kuwasaka watumishi hewa. Kasoro yetu inawatunza mchana kweupe, bila hata kughushi saini.

Nne, inatuliza moyo. Seva ya Bunda inahema, watu wamepanga foleni dirishani, lakini juu ya skrini mzigo umeganda kwenye 0.12. Bosi anapita, anatazama, anatikisa kichwa kwa kuridhika. Hata taarifa ya robo mwaka haijawahi kuwa na amani ya namna hiyo.

Tano, inamtetea Mwalimu. Mwaka 1974 serikali ya mzaliwa huyo wa Butiama ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini bila kibali maalumu, baada ya hesabu za Hazina zilizokabidhiwa kompyuta kwenda mrama. Vijana wa leo wakisikia hucheka. Waje watazame 900 yangu, ndipo waseme kama mashine haiwezi kudanganya kwa mwandiko mzuri.

Maadui zake wana silaha moja tu: Ctrl na L. Ukibonyeza, kila kitu kinachorwa upya. Ni ukatili mtupu! Kufumba na kufumbua 900 inarudi kuwa 9, marehemu wanazikwa, na seva ya Bunda inaonekana ilivyo, iko hoi. Furaha ya ofisi nzima imevunjwa na vidole viwili.

Ndiyo maana sishangai kwamba vitufe hivyo havijawekwa kwenye taarifa za maandishi wala kwenye hotuba. Nawe msomaji, ukioneshwa namba za kupendeza, iwe Musoma mjini, Bunda au Butiama, omba kwanza zichorwe upya mbele yako. Makofi yanaweza kusubiri.