Muulize Mzee wa Kanda: Bibi Harusi Amegeuka Majivu

Mzee, harusi yetu ilipigwa video kwa kamera ambayo mjomba alitoka nayo Ufaransa. Mke wangu alivaa kijani, viti vilikuwa vyekundu. Sasa nimeunga deki na kompyuta ili nihifadhi ukumbusho, lakini picha yote imekuwa majivu. Mke wangu anasema hii si harusi, ni matanga. Ninunue kompyuta mpya? — Mume wa Majivu, Lusangi

Mwanangu, weka hela mfukoni. Kompyuta hiyo inapokea kile inacholetewa.

Angalia kwanza programu unayonasia inasikiliza mlango gani. Ikiwa umechomeka waya wa njano na programu imechaguliwa S-Video, rangi haiji hata usali rakaa ishirini. Kama mlango ni sawa, basi ugomvi ni wa mifumo. Ufaransa ilianza televisheni ya rangi mwaka 1967 kwa mfumo wake wenyewe, SECAM, na televisheni ya Zaire ikafuata huo huo, ingawa Wabelgiji waliotutawala wao walichagua PAL. Tanzania, jirani yetu, na Kenya walikuwa PAL, Dubai pia. Kwa hiyo huku kwetu nyumba moja inaweza kuwa na mkanda wa Kifaransa, deki ya Dubai na kidude cha USB cha kunasia video ambacho kiwandani kimewekwa NTSC ya Wamarekani. Wote wako ukweni na hakuna mkalimani.

Dalili zenyewe zinasema. PAL na SECAM zote zina mistari 625 na fremu 25 kwa sekunde, hivyo zikichanganywa picha inatulia vizuri, ila rangi inapotea. NTSC ina mistari 525 na karibu fremu 30; ukiichagua kwa mkanda wa kwetu, picha inapinda, inakimbia juu, maharusi wanakatika viuno. Wewe umesema majivu tu, hukusema kukatika. Basi ingia kwenye mipangilio ya programu, chagua SECAM, uone. Ikikataa, deki yako ni ya PAL tupu na rangi inafia humo ndani kabla ya kufika kwenye waya. Azima deki ya mifumo mingi. Mwambie mama matanga yameahirishwa.

Salaam aleikum, Mzee. Katika video ya ndoa yangu, midomo ya bibi harusi inajibu "ndiyo" kabla sauti ya shehe haijasikika. Mwanzoni sauti na midomo vinaenda pamoja, ila kadiri mkanda unavyosonga, picha inazidi kuitangulia sauti. Halafu kila inapokaribia dakika ya 20, kunasa kunakatika. Wakwe wameanza kucheka. — Shahidi wa Haraka, Kasongo

Waaleikum salaam. Haraka ya bibi harusi sina neno nayo, lakini sauti kuachana na picha ni kazi ya fremu zinazoangushwa.

Fanya hesabu nami. Picha isiyobanwa ya nukta 720 kwa 576, baiti mbili kila nukta, fremu 25 kila sekunde: hizo ni megabaiti karibu 21 kwa sekunde, au gigabaiti 75 kwa saa moja ya mkanda. Diski ya zamani haimezi hivyo. Ikizidiwa, inatupa fremu moja hapa, moja pale, huku sauti ikiendelea na safari yake. Kama programu haizibi yale mapengo, mwishoni sauti na picha hawajuani tena.

Punguza mzigo. Kama bado hufanyi hivyo, nasa kwa muundo wa DV, ambao unakula gigabaiti 13 hivi kwa saa, au HuffYUV, ambayo inakula zaidi lakini haipotezi kitu. VirtualDub ni ya bure, ni ya zamani kama kompyuta yako, na inakuonyesha idadi ya fremu zilizoanguka kazi ikiendelea. Itazame hiyo, acha kutazama maharusi. Zima kinga ya virusi, chomoa intaneti, funga muziki. Andika kwenye diski ya pili, isiyo na Windows. Na tazama mlango wa USB: ule wa zamani, 1.1, unapitisha megabiti 12 tu kwa sekunde. Kidude cha video kikiwa hapo kitakuletea ukungu na miraba. Kinataka USB 2.0.

Kukatika kwa dakika ya 20 hakuna uchawi. Diski imepangwa kwa FAT32, na FAT32 haikubali faili linalozidi gigabaiti 4. Ikiwa tayari unanasa kwa DV, hizo ni karibu dakika 20. Windows XP ina amri inayoitwa "convert" ya kuigeuza diski kuwa NTFS bila kufuta vilivyomo. Hata hivyo, weka nakala kwanza.

Chini ya picha kuna mkanda mwembamba wa takataka unaochezacheza. — Msafi, Samba

Uache. Ni pale vichwa vya deki vinapopokezana. Ulikuwepo miaka yote, televisheni ya zamani ilikuwa inauficha nyuma ya fremu yake. Ukikukera sana, ufunike kwenye nakala.

Mistari inapanda polepole kwenye picha, na spika zinavuma. — Mtoto wa Jua, Lusangi

Huo ni umeme wako. Kibadilishaji cha sola cha bei rahisi hutoa umeme wenye ncha ncha, na deki ikila kwenye chanzo kimoja, kompyuta kwenye kingine, mvumo unapita katikati yao kwa waya wa sauti. Chomeka vyote kwenye soketi moja. Ukipata kompyuta ya mapajani, iendeshe kwa betri wakati wa kunasa.

Mzee, kanda za marehemu baba zina unga mweupe pembeni. Nizipige haraka kabla hazijaoza? — Binti wa Kabambare

Hapana, binti yangu! Mikono mbali na deki. Ule unga ni ukungu wa unyevu, na mkanda mmoja wenye ukungu unachafua vichwa, vichwa vinachafua kanda zote zitakazofuata. Zitoe sandukuni, zisimamishe mahali pakavu penye upepo, mbali na jua kali. Ukungu ukikauka, fundi anafungua kasha na kuufuta nje, polepole, kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Vichwa vya deki navyo husafishwa kwa spiriti safi na ngozi laini, si pamba ya masikio, maana nyuzi zake hunasa na kuving'oa.

Kuvipata vingine ni shida. Kampuni ya Funai ya Japani, ya mwisho kutengeneza deki mpya duniani, iliacha mwaka 2016. Kwa hiyo naomba wasomaji wa Kasongo, Kabambare na Samba: mwenye deki ya mifumo mingi inayozunguka bado, asiiuze kwa wanunuzi wa vyuma. Aniandikie. Kuna mama wa kijani Lusangi anaisubiri.