Wote Walijua Isipokuwa Mwenyewe

Siku hizi nikinunua mahamri nasoma karatasi kwanza, mahamri baadaye. Sababu ni ploti yangu ya Kilifi.

Niliinunua mwaka 2009, nikapigwa picha mguu mmoja juu ya bikoni, kama mbunge anayezindua kisima, kisha nikarudi Nairobi kutafuta pesa za kujenga. Pesa bado nazitafuta. Juzi, mbaazi ziko mezani, nakunjua gazeti lililofungia mahamri, nakuta tangazo la mahakama limelowa mafuta katikati. Namba ya ploti naijua. Jina la anayeshtakiwa nalijua zaidi. Nililipata siku ya saba baada ya kuzaliwa.

Wakili akanieleza taratibu, kwa sauti ya kuleta habari za msiba. Kwa Sheria ya Ukomo, Sura ya 22, mtu akikaa kwenye ardhi yako miaka 12 mfululizo, waziwazi, bila mabavu na bila ruhusa yako, anaweza kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi kuomba aandikishwe yeye. Huambatisha hati ya kiapo na nakala ya rejista ya ardhi iliyoidhinishwa, nawe unaletewa samansi. Usipopatikana, mahakama inaweza kuamuru utangaziwe gazetini.

"Sikupatikanaje?" nikafoka. Akanionyesha anwani yangu: sanduku la posta ambalo niliacha kulilipia zamani. Na Katiba je, haimtetei mwenye hati? Akasema swali hilo Mahakama ya Rufani kule Malindi ililijibu mwaka 2015: sheria haipingani na Katiba. Tena hata ningemtumia huyo mkaaji barua kali kila Idi, barua tupu haisimamishi miaka kuhesabiwa. Ilitakiwa nishtaki, au niende nikaishike ardhi yangu.

Nikapanda basi. Nilikoacha vichaka nikakuta nyumba ya makuti, mihogo, na minazi sita inayozaa. Mnazi hauzai kwa siri, jamani! Unachukua miaka, huku unapunga mkono kwa kila anayepita barabarani.

"Kumbe wewe ndiwe mwenyewe?" jirani wa kushoto akashangaa. "Sisi tulijua ulishamwuzia." Wa kulia alikuwa amekwisha kuandikwa shahidi. Hapo ndipo damu iliponichemka. Waziwazi maana yake ni kwamba kila mtu ameona: jirani, chifu, wa bodaboda, hata kuku. Wote hao walikuwa na habari tangu mche wa kwanza. Mimi nikaletewa yangu mwishoni, kama mwaliko wa harusi unaofika watu wanaosha masufuria.

Mzee aliyenishtaki akanipokea kwa adabu zote. "Karibu mwanangu." Nakaribishwa kwangu! Akaniangulia dafu, kwenye mnazi ulio juu ya ardhi ya hati yangu, nikanywa nimenuna.

"Mzee wangu," nikasema, "si ungenitafuta tu, ukaniomba ruhusa?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, ningekuomba ruhusa, leo ningekuwa na kesi gani?"

Nilirudi Nairobi na somo moja: ruhusa ni dawa. Ukimruhusu mtu, akae hata miaka 40, amekaa kwa hisani yako. Tangu siku hiyo nagawa ruhusa kama kadi za harambee. Mama wa jirani anayeanika nguo kwenye ua wangu nimemwandikia. Mbuzi wake pia, kwa jina.

Jana usiku nikamkumbuka shemeji. Alikuja wiki mbili kutafuta kazi. Mwaka huu anatimiza wa 11 kwenye kochi langu, mfululizo, waziwazi, bila mabavu, rimoti mkononi. Najua kochi si ardhi, lakini mtu aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nikaandika mbio, nikatia sahihi na tarehe: "Nakuruhusu kukaa hapa."

Mke wangu akaisoma mara mbili, akaenda kuitafutia fremu.