Fuata Kikapu Kama Unavyofuata Nyumbu

Mgeni akimuuliza mtu wa Mugumu nyumbu wako wapi, mwenyeji haendi kuwahesabu. Anaangalia kwanza mwezi. Januari hadi Machi wako kusini, upande wa Ndutu, wanazaa. Juni wako magharibi, wameufikia Mto Grumeti. Kuanzia Julai mpaka Oktoba wako kaskazini, Mto Mara, wanavuka na kurudi na kuvuka tena huku mamba wakiwasubiri. Siku hiyo hajawaona kwa macho, lakini anajua waliko, na anajua siku ya kumwambia mgeni abebe darubini na siku ya kumwambia alale tu.

Ujuzi huohuo ndio unaotakiwa kwa anayetaka kufuata msimu wa NBA, ile ligi kuu ya kikapu ya Marekani. Ndiyo maana nawaandikia watu wa Serengeti na Tarime bila wasiwasi wowote. Nyie mmeshafuzu nusu ya somo kabla hamjagusa simu.

Tuanze na ukubwa wa kundi lenyewe. Timu ni 30, kumi na tano za Mashariki na kumi na tano za Magharibi. Kila moja inacheza mechi 82, na kwa kuwa kila mechi ina timu mbili, jumla ni mechi 1,230 kabla hata mtoano haujaanza. Anayetaka kuziona zote ni sawa na anayetaka kumshika mkia kila nyumbu. Wewe jua mito inayovukwa, ukae ukingoni siku hiyo.

Mto wa kwanza ni mwisho wa Oktoba, ligi inapofunguliwa. Kwetu huo ni wakati wa mvua za vuli, na makundi ya nyumbu yanageuza vichwa kurudi kusini. Tazama mechi mbili tatu, ujue nani kahama timu na kocha gani ni mpya, kisha urudi shambani. Mto wa pili ni Krismasi, na nitaurudia maana unastahili aya yake. Wa tatu ni katikati ya Aprili, mechi za kawaida zinapokwisha na timu zilizoshika nafasi ya 7 hadi ya 10 kila upande zinapigania tiketi za mwisho. Baada ya hapo zinabaki timu 16, na kila pambano linaendelea mpaka mmoja ashinde mara nne. Fainali ni Juni. Nyumbu wakiwa Grumeti, bingwa anapatikana.

Sasa saa. Hapa ndipo wengi wanapopotea, wanaamka usiku wa manane na kukuta mechi ilikwisha jana yake. Kanuni ni hii: kuanzia Jumapili ya kwanza ya Novemba hadi Jumapili ya pili ya Machi, New York iko nyuma yetu kwa saa 8. Miezi mingine iko nyuma kwa saa 7, kwa sababu Wamarekani husogeza saa zao mbele na sisi hatusogezi. Kwa hiyo mechi inayoanza saa 1 usiku New York, kwetu ni saa 9 usiku wakati wa Desemba, na saa 8 usiku wakati wa Aprili. Los Angeles iko mbali zaidi: mechi yao ya saa 1 na nusu usiku mwezi Januari inaanza kwetu saa 12 na nusu asubuhi, chai ikiwa mezani. Ukiwa mtu wa kuamka asubuhi, zipende timu za Pwani ya Magharibi. Zikicheza nyumbani, hazitakunyima usingizi.

Na tarehe nazo zinahama. Ratiba ikisema Jumanne, wewe weka alamu ya alfajiri ya Jumatano. Liandike hilo kwa kalamu kwenye kalenda ya ukutani, ile ya duka la pembejeo, ili hata mdogo wako ajue.

Ukishajua saa, jifunze adabu za usiku. Mwambie mama mwenye nyumba mapema na kwa heshima kwamba alfajiri ya Jumatano utaamka, asije akadhani kuna mtu anazunguka uani. Andaa shuka, maana usiku wa Tarime una baridi kali. Weka chai ya maziwa kwenye chupa, na viazi vitamu vya kuchemsha karibu. Nunua bando la usiku ukiwa bado macho, si saa 9 ukihangaika na vocha gizani. Halafu, hata mpira ukiingia kikapuni kutoka mita kumi na kengele ya mwisho ikilia, usipige kelele. Nasema hili nikilimaanisha kabisa. Katika nchi ya Wakurya yowe la usiku lina maana moja, kwamba ng'ombe wanachukuliwa, na anayelisikia ana wajibu wa kutoka. Ukipiga yowe kwa sababu ya pointi tatu, utawakuta uani wanaume wa kijiji wamekuja na mapanga na mishale, wanakuuliza, "Mura, wameelekea wapi?" Kuwaambia kwamba wameelekea Boston hakutasaidia. Ng'ata shuka, ushangilie asubuhi.

Kama huna king'amuzi, utauliza kuhusu kibanda umiza. Vibanda vyetu vinaishi kwa Simba na Yanga na kwa ligi ya Uingereza, na hakuna mwenye kibanda atakayefungua saa 9 usiku kwa ajili ya watu wanne. Ila ziko siku ambazo Marekani wenyewe wanacheza mchana, na mchana wao ni jioni yetu. Tarehe 25 Desemba zinapangwa mechi tano mfululizo, na ya kwanza inaanza adhuhuri New York, yaani saa 2 usiku kwetu. Hiyo ndiyo siku ya kumfuata mwenye kibanda wiki mbili kabla, kumweleza kwa upole, na kumhakikishia watu. Familia zimekutana, pilau limeliwa, ndugu waliotoka Mwanza na Dar wapo, na hakuna ligi ya Uingereza inayochezwa siku hiyo. Jumatatu ya tatu ya Januari nayo huwa na mechi za mchana, wanapomkumbuka Martin Luther King. Na baadhi ya Jumapili za baridi zipo mechi zinazoanza kama saa 5 na nusu usiku. Ukiacha hizo za Jumapili, siku hizi chache zikitumiwa vizuri, mtoto anayesoma shule anaweza kuona kikapu cha kiwango cha juu bila kusinzia darasani, na hilo kwangu ni jambo kubwa.

Siku zilizobaki, tazama vipande. Kila mechi huwekwa kwenye simu kwa kifupi, kama dakika kumi hivi, asubuhi ileile. Dakika kumi zinakula bando dogo na zinatosha kumfahamu mchezaji. Robo ya nne ya mechi ya Juni, hiyo itazame yote.

Timu ipi? Wengi wetu tunamshangilia bingwa wa jana, na katika kikapu cha sasa tabia hiyo itakuchosha. Tangu 2019 hadi 2025 ubingwa ulikwenda kwa timu saba tofauti: Toronto, Lakers, Milwaukee, Golden State, Denver, Boston na Oklahoma City. Hakuna aliyeweza kuutetea. Boston wana mataji 18 na Lakers 17, majina makubwa kweli, lakini ukubwa haukuwazuia wengine.

Wala usiuamini sana msimamo wa Novemba. Msimu wa 2024/25 Cleveland walianza kwa kushinda mechi 15 bila kupoteza hata moja, wakamaliza na ushindi 64, kisha wakatolewa na Indiana katika raundi ya pili. Indiana haohao walikuwa na ushindi 10 na vichapo 15 mwanzoni mwa msimu, na watu walishawasahau. Wakafika mechi ya saba ya fainali. Alfajiri ya Juni 23, 2025 kwa saa zetu, nyota wao Tyrese Haliburton akaumia kano ya kisigino robo ya kwanza, na Oklahoma City Thunder, waliokuwa wameshinda mechi 68 msimu huo, wakatwaa kombe kwa 103 dhidi ya 91. Aliyeanza kuwafuata Indiana Desemba, wakiwa wanasuasua, alipata kitu ambacho shabiki wa bingwa hakukipata. Mwenye kuchunga ng'ombe anajua kwamba ndama dhaifu wa Januari anaweza kuwa fahali wa Juni.

Ushauri wangu ni uchague timu kupitia mtu. Jonathan Kuminga alizaliwa Goma, ambako Kiswahili ni lugha ya sokoni. Golden State walimchagua namba 7 mwaka 2021, na mwaka uliofuata akavaa pete ya ubingwa. Bismack Biyombo ni wa Lubumbashi, naye alichaguliwa namba 7, mwaka 2011. Masai Ujiri, aliyeijenga Toronto iliyotwaa ubingwa wa 2019, mama yake ni Mkenya. Ukimfuata mtu, hata akihama, unajua kwa nini unaamka.

Na yupo wetu. Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar es Salaam mwenye urefu wa mita 2.21, alitoka Chuo Kikuu cha Connecticut na Juni 2009 akachaguliwa namba 2 na Memphis Grizzlies. Namba 3 mwaka ule alikuwa James Harden, namba 7 Stephen Curry. Mtanzania wa kwanza katika NBA. Alipita pia Houston, Portland na Oklahoma City, na wako wanaomtaja kwa kulinganisha tu, kwamba Curry alikuwa bado hajachukuliwa. Sikubaliani nao na sitakubaliana nao. Tangu ligi hiyo ianze, amekwenda mmoja tu kutoka nchi nzima yenye mamilioni ya vijana. Swali la haki ni kwa nini hajafuatwa na wa pili, na jibu lake linahusu viwanja, mipira na walimu, halimhusu Thabeet.

Nije sasa kwenye ligi ninayotaka uifuate kuliko zote. Mwaka 2021 ilianza kuchezwa Kigali ligi ya klabu za Afrika, BAL, kwa ushirikiano wa NBA na shirikisho la kikapu duniani. Klabu ni 12 tu. Mabingwa watano wa kwanza ni Zamalek na US Monastir, kisha Al Ahly ya Misri, Petro de Luanda, na mwaka 2025 Al Ahli Tripoli ya Libya. Watano tofauti, kama kule Marekani. Rwanda imekuwamo tangu mwanzo, Uganda ilipeleka City Oilers, na 2025 Nairobi City Thunder wakawa Wakenya wa kwanza. Msimu wa 2026 Dar City walipata nafasi, klabu ya kwanza ya Tanzania, na Thabeet akiwa na umri wa miaka 38 alivaa jezi yao kwenye safari ya kufuzu.

Chukua ramani na rula. Kutoka Tarime kwa mstari mnyoofu, Kigali iko karibu kuliko Dar es Salaam, ingawa Ziwa Victoria limelala katikati. Tofauti ya saa ni moja tu. Mechi ya saa 11 jioni pale BK Arena, kwako ni saa 12 jioni, ng'ombe wanaingia zizini na mwanga bado upo. Hakuna alamu wala bando la usiku, na yowe ukilipiga muda huo majirani watajua ni furaha. Ukiniuliza kijana wa Nyamongo au Sirari aanzie wapi, namwambia aanzie hapo. Akishazoea sura za wachezaji wa Kigali na Nairobi, ataielewa Oklahoma kwa wepesi zaidi.

Limebaki jambo moja la kufanya asubuhi, baada ya mechi. Ipo shule moja upande wetu yenye uwanja wa kikapu wa saruji. Kwa muda mrefu pete moja ilikuwa imepinda hadi kuelekea chini, na watoto walikuwa wakicheza upande mmoja tu, wakipishana kama wateja wa bomba moja. Mashabiki wachache wa alfajiri tulichanga, tukamwita fundi wa kuchomelea mageti. Aliuliza pete inatakiwa iwe juu kiasi gani. Tukamwambia mita 3.05, akacheka kwamba tunajua mpaka sentimita, akashusha futikamba yake kutoka kwenye chuma hadi sarujini, akapima mara mbili. Kazi ilimchukua muda usiofika saa moja. Kabla chuma hakijapoa vizuri, msichana mmoja wa kidato cha pili alikuwa ameshasimama kwenye mstari wa mitupo huru, mpira mkononi, anatuuliza kama anaweza kurusha au asubiri.