Weka Kiganja Kwanza, Salamu Baadaye

Liège, Jumapili jioni

Baba Mdogo na wote mlio hapo Bendera,

Mimi ni mzima, na mvua ya huku ni nzima zaidi. Imenyesha tangu Alhamisi, bila radi wala haraka, kama kibarua anayelipwa kwa saa. Naandika mukanda huu kukanusha habari zilizofika Kalemie kabla yangu, eti nimenunua gari la kizamani, Peugeot 504, na eti siku hizi nina fedha za kuchezea. Sijanunua. Nilikwenda kulikagua tu. Yaliyonikuta huko ndiyo haya.

Ugonjwa wangu wa 504 mnaujua. Gari hilo lilitoka mwaka 1968, mwaka uliofuata likatawazwa Gari la Mwaka la Ulaya, umbo lake likiwa limechorwa na Pininfarina wa Italia. Mwaka 1975 na tena 1978 likashinda Safari Rally kule Kenya, kwenye tope na vumbi. Sisi hatukuhitaji kuambiwa habari za kombe. Kombe letu lilikuwa kufika. Bado nalikumbuka lile la kubeba abiria kwenye barabara ya Kalemie: watu kumi na mmoja, magunia matatu ya ndagala, mbuzi aliyelipiwa nauli, na dereva aliyekaa nusu kwenye kiti na nusu kwenye paja la abiria. Mimi nilikuwa kwenye paja la mama, na mbuzi alikuwa kwenye langu.

Basi mwezi uliopita nikaona tangazo: 504 ya mwaka 1974, rangi ya maziwa, mwenyewe mmoja tangu siku ya kwanza, bei euro 7,500. Sikulala.

Kabla ya kuendelea niwaeleze jambo moja, maana najua mama atauliza kama gari hilo litanipeleka kazini. Halitanipeleka. Huku Ubelgiji gari likizeeka halifi, linastaafu. Linaweza kupewa kibao kinachoanza na herufi O, na kuanzia siku hiyo linaishi kama mzee wa heshima. Ni marufuku kwenda nalo kazini. Ni marufuku kupeleka watoto shule. Kubeba abiria wa kulipa ndiyo usiseme kabisa. Kazi yake ni kutoka Jumapili jua likiwaka, kupunga upepo na kurudi. Nilipomsomea Baba Mdogo sheria hiyo kwa simu, alinyamaza, kisha akauliza: "Na mbuzi?" Nikamwambia sheria haikumtaja mbuzi. Akasema, "Basi kuna tumaini."

Jambo la pili ni kilomita. Kwa magari ya kawaida wana karatasi inayoitwa Car-Pass, iliyoanza mwaka 2006, inayoonyesha kilomita za gari mwaka hadi mwaka ili muuzaji asirudishe kaunta nyuma. Ni karatasi nzuri. Lakini gari la 1974 lilikuwa limeshatembea miaka 32 karatasi hiyo ikiwa bado haijazaliwa. Tena kaunta ya 504 hii ina tarakimu tano tu: ikifika 99,999 inarudi kuwa mtoto mchanga. Hiyo niliyoiona ilisema 41,206. Inaweza kuwa kweli. Inaweza pia kuwa 141,206, au 241,206. Ni kama bibi anayekwambia ana miaka arobaini: unamwitikia kwa adabu, huku ukiwahesabu wajukuu.

Safari ya kwanza nilikwenda kama mgeni. Mwenye gari ni mzee, mwalimu mstaafu wa jiografia, anaishi kijijini karibu na Verviers. Alinipokea kwa kahawa na kipande cha tarti ya eneo hilo, ambayo ndani yake, mama, wameweka mchele na maziwa na sukari. Wali wa sukari ndani ya mkate! Nikala viwili. Tukaongea habari za watoto, za mvua, za Kongo. Alijua mto Lukuga unatoka ziwani na unaelekea wapi, jambo ambalo shemeji yangu wa Kalemie halijui. Saa nzima ilipita. Ndipo tukaingia garajini, akatia ufunguo, gari likawaka mara moja, likatulia kama paka juu ya gunia. Nikarekodi sauti ya motor kwa WhatsApp, nikamtumia Baba Mdogo.

Jibu lilikuja baada ya saa tatu. Simu yake ilikuwa imekufa betri, yeye aliyezisikiliza mashine za umeme za mto Kiymbi nusu ya maisha yake, bisibisi sikioni. Nayaandika maneno yake kama alivyoyasema:

"Mutoto, balikudanganya. Hii motor ilishapata moto mbele weye ufike. Ulishika boneti?"

"Sikushika, Baba."

"Ulifanya nini?"

"Nilisalimu. Nikanywa kahawa."

"Basi ulinunua kahawa."

Akanieleza. Motor ya zamani ikiwa baridi haiamki imetulia. Inavutiwa choki, inakunywa petroli nyingi, inakimbia juu juu kwa dakika kadhaa, kisha ndipo inashuka pole pole. Hakuna mzee anayeamka bila kupiga miayo. Ile niliyorekodi iliamka imeshanawa uso. Mtu mwenye gari gumu kuwaka huliwasha asubuhi, mgeni akifika anakuta wepesi. Kwa hiyo sheria ni hii: weka kiganja kwanza, salamu baadaye.

Kisha akanipa ile hadithi yake ya siku zote. Kwamba tarehe 29 Juni 1965 watu wa Che Guevara, Wakuba na Wanyarwanda, walikuja kushambulia ngome hapo Bendera, penye umeme. Kwamba Che mwenyewe alitaka waanze na Katenga, kambi ndogo, lakini amri ikaja kwamba ni Bendera tu. Wakaenda, wakapigwa, Wakuba wanne wakaachwa hapo. "Hata Che," alisema Baba Mdogo, "alishinda akipanga mambo ya dunia nzima, na Bendera yetu ikamshinda kwa sababu wakubwa walinunua bila kukagua. Weye na tarti yako utashinda?"

Nikarudi. Safari hii bila kutoa taarifa, saa moja asubuhi, ndani ya Toyota yangu ndogo ile mliyoiona kwenye picha ya Krismasi. Bahati nzuri 504 ilikuwa imelala uani. Nikaisogelea, nikaweka kiganja juu ya boneti, nikafumba macho ili nisikie vizuri. Baridi kama jiwe la mtoni. Nilipofumbua, mzee alikuwa mlangoni na nguo za kulalia. Alidhani nasali. Alivua kofia yake ya usiku, akasubiri nimalize. Ningefanya nini? Nikasema "Amina."

Tukaliwasha. Mara ya kwanza, kikohozi. Mara ya pili, kikohozi. Mara ya tatu likaamka na moshi wa buluu ukatanda hadi kwa jirani, kisha ukaisha. Nikampigia Baba Mdogo, simu ikapokelewa kwa muujiza. Akasema moshi mweusi ni petroli iliyozidi, mweupe usiokwisha ni maji yanayoingia pasipo pake, wa buluu ni mafuta ya motor yanaungua. Ukiwa wa buluu asubuhi tu, halafu ukakoma, hayo ni mafua ya uzee: raba za valvu zimechoka, mafuta yanadondoka usiku. Si kansa. Akaniamuru nifungue kifuniko cha mafuta nitazame kwa ndani kama kuna kitu cheupe kama mayonezi. Wabelgiji mayonezi wanaimwagia kila kiazi, lakini ukiikuta chini ya kifuniko hicho, huenda maji yameshaoana na mafuta na jointi ya kulasi imekufa. Hapakuwa na mayonezi. Nikashukuru Mungu, safari hii kwa kweli.

Kisha sumaku. Sumaku hunasa bati, hainasi mastiki, ile simiti ya wapaka rangi inayoziba matundu ya kutu. Sikuwa na sumaku nyingine, nikawa nimebandua ile ya friji yetu, yenye sanamu ya Manneken-Pis, yule mtoto maarufu wa Brussels anayekojoa hadharani. Nikaifunga kitambaani nisichune rangi, nikaitembeza. Milango: imenasa. Mabawa ya mbele: imenasa. Nikashuka chini ya mlango wa dereva, kule maji ya barabarani yanakorukia, nikaachia mkono. Manneken-Pis akateleza taratibu, akaanguka kwenye dimbwi. Nikajaribu sentimita kumi mbele: akaanguka tena. Mzee akatazama juu, akasema leo mawingu ni mengi.

Tukakubaliana gari lipelekwe kwa fundi wa kijiji cha pili, nilipe mimi. Fundi alilipandisha juu, akachukua bisibisi na kuchoma chini pole pole kama mama anayejaribu mihogo sufuriani. Penye uzima bisibisi iligonga. Penye ugonjwa iliingia. Iliingia mara mbili upande wa dereva na mara moja chini ya zulia la nyuma. Mpira wa breki mmoja ulikuwa na nyufa. Akaandika orodha, akaniambia kwamba kituo cha ukaguzi kisingelipa gari hili cheti cha kijani kwa hali hiyo. Lingepewa chekundu. Ukipewa chekundu, una siku 15 za kutengeneza na kurudi.

Nilifurahi, nisifiche. Orodha ile ilikuwa silaha. Njiani kurudi nilitunga hotuba ya kushusha bei hadi 6,000, yenye kutu, breki na moshi, na mwishoni kabisa nimtaje Manneken-Pis.

Nilipofika, mzee alikuwa na daftari mezani. Tangu 1974 kila mafuta yaliyobadilishwa yameandikwa humo: tarehe, kilomita, bei, kwanza kwa mwandiko wa marehemu mkewe, kisha kwa wake. Kaunta ilirudi sifuri mara moja tu, mwaka 1991, na mke alichora hapo kinyota kidogo. Nilimtumia Baba Mdogo picha ya ukurasa huo. Akajibu kwa neno moja: "Liemba." Nyinyi wa ziwani hamhitaji kuelezwa. Wajerumani walipoizamisha meli ile mwaka 1916, mafundi wake walizipaka injini grisi kabla ya kuiacha iende chini. Mwaka 1924 iliinuliwa, na mwaka 1927 ikasafiri tena. Usiulize chombo kina umri gani, uliza nani alikipaka mafuta.

Nikafungua kinywa nianze hotuba. Mzee akasema, "Ngoja kidogo." Akatoka uani, akaenda hadi kwenye Toyota yangu. Akaweka kiganja juu ya boneti. Hakusema "Amina." Akaomba nifungue, akavuta kijiti cha kupimia mafuta, akakipangusa kwa leso yake nyeupe, kisha akanionyesha leso. Baba Mdogo, chungu cha sombe baada ya arusi ni cheupe kuliko ile leso.

"Mara ya mwisho ulibadilisha lini?"

Nikatazama juu. Nikasema leo mawingu ni mengi.

Akakunja leso, akaitia ndani ya daftari kama mtu anayetunza ushahidi. Bei haina tatizo, alisema, 6,000 anakubali, na mpira wa breki atauweka yeye. Lakini gari la mkewe halitoki hapo kwenda kwa mtu mwenye mafuta ya namna ile. Nikatengeneze Toyota kwanza, nirudi na risiti.

Amenipa siku 15. Mtu wa Kalemie akiwauliza, mwambieni nimechelewa kwa sababu ya mvua.

Mtoto wenu wa Liège