Theluji ya Tanga

Chukua rimoti ya televisheni, ielekeze kwenye kamera ya mbele ya simu yako, kisha bonyeza kitufe chochote huku ukitazama kioo. Kile kitaa kilichoko kwenye ncha ya rimoti, ambacho hujapata kukiona kikiwaka tangu uinunue, mara nyingi utakikuta kinapepesa kwa weupe wa zambarau. Hiyo ndiyo infraredi. Jicho la binadamu hukomea kwenye wekundu wa nanomita 700 hivi. Rimoti humulika kwenye 940 hivi, na silikoni iliyomo ndani ya kamera huona hadi 1,000 na ushei. Watengenezaji wa kamera huiwekea kioo cha kuizuia isione yasiyoihusu. Watu wenye busara hao. Ukoo wetu umepata kujua sababu.

Ninayo filta ya nanomita 720, kioo cheusi tii kinachofungwa mbele ya lenzi. Mwanga wa kawaida haupiti, inapita infraredi tu. Ukishaifunga, ukichungulia huoni kitu, kwa hiyo unaanza kwa kuiweka kamera juu ya stendi, unapanga picha, unavuta fokasi, halafu unaiskrubu filta polepole huku ukiomba vidole visiiguse pete ya lenzi. Hata visipoigusa, infraredi haikutani mahali pale pale unapokutana mwanga wa kawaida. Lenzi nyingi za zamani zilikuwa na alama nyekundu ya kukuonyesha usogeze kiasi gani. Nyingi za siku hizi hazina alama hiyo. Ni wewe na Mola wako.

Na kile kioo cha kiwandani bado kimo ndani, kinaendelea kuifukuza infraredi iliyobaki. Ndiyo maana picha moja, saa sita mchana, jua la utosi, ilinitaka sekunde 30.

Sasa waambie watu wa Tanga watulie sekunde 30. Ilikuwa siku ya kumpokea mzee wetu aliyerejea kutoka Makka, watu wamejaa uani chini ya miembe, pilau inanukia, na shangazi akaniita mbele za watu: “Baba, hebu tupige na hilo likamera lako, si kila siku vijisimu.” Nikamwambia, shangazi, hii inapiga miti. Akasema, “Kwani sisi tuna nini hata tushindwe na miti?” Nikafunga filta. Bwana mmoja akanisogelea kuniambia kwa upole kuwa nimesahau kutoa kifuniko.

Picha ikitoka kamerani huwa nyekundu tupu. Unaiambia kompyuta kwamba majani ndiyo meupe, unabadilishana nyekundu na bluu, anga linarudi buluu, na miembe inang'aa kwa weupe. Majani mabichi hurudisha infraredi kwa wingi mno, kwa sababu klorofili haina kazi nayo na chembe za jani huitawanya kila upande. Mmarekani Robert Wood alizionyesha picha za namna hii mwaka 1910, miti myeupe chini ya anga jeusi. Watoto walipoiona ya kwetu wakapiga kelele kuwa theluji imeanguka Tanga. Hadi hapo nilikuwa nasifiwa.

Kisha watu wazima wakaanza kujitafuta. Wengi hawakuwamo. Aliyekwenda kuchukua maji, aliyegeuka kumkanya mtoto, aliyecheka, wote walikuwa moshi. Waliobaki walikuwa weupe, maana rangi ya ngozi zetu infraredi haiijali sana. Babu na wajukuu wametoka na sura moja ya maziwa, mboni nyeusi, mishipa ya mikono imejichora. Mabuibui meusi, hasa yale ya poliesta, yametoka meupe. Mama mmoja aliniuliza kwa nini nimewavisha sanda.

Aliyetoka safi kuliko wote ni shemeji yangu, kwa kuwa ndiye pekee ambaye hakutikisika. Alikuwa amevaa miwani yake ya jua, kidevu juu, mikono magotini, na sote tulidhani anasikiliza mawaidha. Miwani mingi ya plastiki haiizuii infraredi. Nyuma ya vile vioo, macho yake yalikuwa yamefumbwa vizuri kabisa. Dada yangu aliikuza picha ile kwa vidole viwili, akaitazama kwa muda, akampelekea mumewe bila kuandika neno.

Lakini kesi yenyewe ni kanga. Shangazi alikuwa ameichagua makusudi, na akakaa makusudi ili jina la kanga litazame kamera, lisomwe na jirani fulani picha itakapozunguka. Jina lenyewe silitaji, jirani naye ni msomaji. Rangi nyingi za vitambaa infraredi huzipita kana kwamba hazipo, na pamba iliyo chini hung'aa. Shangazi alitoka amejitanda shuka jeupe lisilo na pindo, mji wala neno. “Nimekaa nusu saa nimekaza shingo,” akasema, “ndiyo umenifuta?” Nikamwambia ni sekunde 30. Hilo halikusaidia.

Baadaye kuna fundi aliyenifungulia kamera, akatoa kile kioo cha ndani na kuniwekea kingine. Sasa napiga kwa mkono, kasi ya kawaida, hakuna anayegeuka moshi. Shida ikahamia kwenye lenzi: baadhi yake, ukibana tundu, mwanga hurukaruka ndani na kuacha duara jeupe katikati ya picha. Kwangu lilimwangukia yule mzee wa Makka kifuani. Nilitaka kuifuta, nikakatazwa. Wakasema ni nuru ya hija, na ndiyo picha yangu pekee iliyotiwa fremu katika nyumba ile. Sina la kubisha, imetoka vizuri.

Yuko mpiga picha Richard Mosse wa Ireland, aliyekwenda mashariki mwa Kongo na filamu ya infraredi ya Kodak iitwayo Aerochrome, ya aina iliyobuniwa kwa ajili ya jeshi ili kutofautisha majani ya kweli na rangi ya kijani ya kujifichia. Milima ya Kivu ikawa ya waridi, na mwaka 2013 kazi yake iliiwakilisha Ireland kwenye maonyesho ya Venice. Ni picha nzuri mno, na uzuri ule juu ya vita bado unanikera. Yeye angalau alijua anachokitafuta kwenye yale majani.

Basi mwenye sherehe atafute mpiga picha mwingine. Mwenye shamba la minazi aniite, na aniite saa sita mchana, siku isiyo na upepo.