Isale la Dirishani London

Baba Mkubwa,

Mimi mzima, ila baridi. Ule ukungu wa Kibosho mnaoulalamikia mwezi wa saba, London wangeuita kiangazi.

Barua yako imefika. Mmesikia kwamba mtoto mliyemchangia nauli akasomee uwakili sasa anaandika hadithi. Kikao kikaitishwa, mbege ikanyweka, mkaulizana: sheria imemshinda? Haijanishinda. Mchana naandaa mikataba ya upangaji ofisini, usiku naandika hadithi. Shida, kazi hizi mbili zinalala chumba kimoja. Juzi mkuu wangu kanirudishia mkataba umejaa wino mwekundu, kwa kuwa mpangaji nilimwita "mjane mwenye macho ya upole". Kauliza ushahidi wa upole uko wapi. Na hadithi niliyoipeleka gazetini nayo imerudi: Juma alimpenda Rehema "kwa kuzingatia kifungu cha tatu hapo juu".

Msidhani ukichaa huu nimeuanzisha mimi. Hapo hapo Moshi mjini alikuwapo wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda, visiwa ambavyo mlima wake mrefu ukiuleta kwetu utaitwa kichuguu. Wameru walipofukuzwa kwenye ardhi yao ya Engare Nanyuki mwaka 1951, yeye na mwakilishi wao Kirilo Japhet walilifikisha shauri lao Umoja wa Mataifa, New York, mwaka 1952. Kura za Baraza Kuu hazikutimia theluthi mbili. Wakashindwa. Mwaka 1967 wawili hao wakatoa kitabu, The Meru Land Case, nami nakisoma kwenye treni. Waliopiga kura siku ile simjui hata mmoja. Kirilo namjua kama jirani.

Sasa sikia maajabu. Jumamosi nimeingia duka la maua, nikakuta masale! Yale yale ya mpakani mwa shamba la kihamba, yamepandwa kwenye chungu, yamefungwa utepe, paundi 18. Nilicheka peke yangu mpaka muuzaji akasogea pembeni. Nilimkumbuka babu alivyogombana na jirani miaka mingi kwa shina moja lililosogea nusu hatua. Huku mtu ananunua mpaka mzima, anauweka kando ya televisheni, na hakuna anayemshtaki.

Nimenunua isale moja, liko dirishani. Jirani wa chini, ninayemkosesha usingizi kwa kutembea tembea usiku nikitafuta sentensi, nikampelekea jani la kumwomba radhi. Kalitia kwenye glasi ya maji, kisha kaniuliza linapikwaje.

Jani jingine limo humu kwenye bahasha. Litakuwa limenyauka, lakini ni isale, na mila unaijua, Baba Mkubwa: aliyeletewa hakatai. Lionyeshe kikaoni kabla mbege haijaanza kuzunguka, si baada.

Krismasi nakuja. Ule mkataba wa kihamba cha bibi mlioniagiza nimeumaliza. Ukurasa wa kwanza una ukungu kidogo na jogoo mmoja anawika. Naomba muuvumilie, mipaka imeanza ukurasa wa pili.

Mwanao