Ndege, Mnazi na Chubwi

Mimi ni fundi wa simu hapa Kilifi, na kazi hii ina maradhi yake. Ukishafungua simu za watu miaka kumi, unaanza kuamini kwamba hakuna kitu chenye nyaya kinachoweza kukushinda. Maradhi hayo ndiyo yaliyonifanya niagize ndege ya rimoti. Si kile kihelikopta cha watoto kinachogongagonga dari ya sebule, la. Ndege ya sarakasi, mita moja kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa, ya kubingirika, kuruka chali na kusimama kwa mkia angani.

Ilifika kwa basi kutoka Mombasa ikiwa vipande vipande, pamoja na kitabu cha maelekezo kilichoandikwa kwa Kichina. Mke wangu aliyatazama yale makorokoro yaliyotapakaa mkekani, akauliza, "Na hii inaleta unga saa ngapi?" Nikamjibu kwamba hii ni teknolojia. Akasema sawa, lakini teknolojia isilale kwenye mkeka wake.

Kuunga nyaya kulinichukua usiku mmoja. Sevo mbili, yaani vimota, za vibawa vya ukingoni, moja ya kuinua na kushusha pua, moja ya usukani wa mkia. Kijiti kimoja cha kuvutia kilikosekana, nikakata spoku ya baiskeli. Mpaka hapo nilikuwa najipigia makofi kimoyomoyo.

Tatizo lilianzia kwenye bawa, ambalo ncha yake ilivunjika safarini. Nikachonga kiraka kutoka kwa lile povu jeupe la boksi la samaki, nikakipaka supagluu. Ndugu yangu, supagluu na povu la boksi la samaki havipatani. Kiraka kilinywea mbele ya macho yangu kama barafu juani, kikaacha shimo na harufu ya kukwangua koo. Nikachonga cha pili, nikatumia gundi nyeupe ya maseremala, nikaahirisha urubani hadi asubuhi.

Kungojea ndiko kulikoniponza, maana fundi asiye na la kufanya huongeza ufundi. Nilikuwa nimesoma kwamba uzito wa ndege hutakiwa uegemee mahali pamoja, kati ya robo na theluthi ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele, na kwamba ndege ya sarakasi husogezwa nyuma kidogo ili iwe nyepesi kugeuka. Lile neno "kidogo" nililiruka. Nilikuwa na betri kubwa zaidi ya ile iliyokuja nayo. Puani haikuingia, kwa hiyo nikaikatia nafasi nyuma ya bawa, karibu na mkia. Nikaona nimewazidi akili Wachina.

Malindi mjini sikuthubutu kuirusha, kwa sababu uwanja wa ndege uko papo hapo, na sikutaka kukutana angani na watu waliolipa nauli. Nikaenda ufukweni Mayungu kwa mjomba wangu, fundi wa mashua. Maji yalikuwa yamekupwa, mchanga mpana, na kusi ilikuwa bado haijaamka vizuri. Watoto walitokea kama walioitwa kwa kengele.

Nikaongeza moto, pangaboi likalia, ndege ikaondoka. Kisha pua ikapanda, ikapanda, ikazidi kupanda, na ndege ikapinduka chali bila mimi kugusa kitu. Watoto wakashangilia. Nikasukuma pua chini, ikazama, nikaivuta, ikapinduka tena mara mbili mfululizo. "Mwalimu! Mwalimu!" wakapiga kelele, na mimi nikitabasamu huku jasho likinitiririka mgongoni. Ilipogeuka na kunijia, kulia kukawa kushoto na kushoto kukawa kulia. Mzunguko wa mwisho ulikatikia kwenye kilele cha mnazi.

Si mnazi wowote. Ulikuwa mnazi wa kugemwa, wenye kibuyu juu. Ikabidi aitwe mwenyewe. Mgema alikuja bila haraka, akautazama mkia wangu uliokuwa ukining'inia kando ya tembo lake, akataja shilingi 300, na nyingine 100 endapo kibuyu kimepasuka. Nilijua methali inakataza kumsifu mgema, lakini siku hiyo nilimsifu mpaka akaona haya. Alishuka na ndege kwapani na kibuyu kizima mkononi.

Mjomba alikuwa ameketi muda wote juu ya mtumbwi uliopinduliwa, hajasema neno. Yeye ni mzaliwa wa Ngomeni, na utotoni aliona Waitaliano wakirusha roketi kutoka jukwaa la San Marco baharini. Huko ndiko ilikorushwa satelaiti ya Uhuru, tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu yenyewe ya uhuru wa Kenya, ikawa ya kwanza duniani kutengenezwa mahususi kwa kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani.

"Mjomba," akaniita, "wale walikuwa wakihesabu kurudi nyuma ndipo warushe. Wewe hata kuhesabu kwenda mbele hukuhesabu."

Akaichukua ndege, akaibeba kwa ncha za vidole viwili chini ya mabawa. Mkia ukaanguka papo hapo.

"Umepakia abiria wote shetri," akasema. "Chombo hiki hakina farumi omo." Yaani mkia mzito, pua nyepesi.

Nikaanza kumweleza habari za sarakasi na wepesi wa kugeuka. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akaingia bandani akatoka na chubwi mbili za mshipi wa kuvulia. Akanishurutisha kurudisha betri ile ndogo mahali pake, akafunga chubwi moja puani kwa utepe, akapima tena vidoleni. Akaongeza ya pili. Ndege ikatulia juu ya vidole vyake kama ngalawa kwenye maji ya asubuhi. Fundi asiyewahi kuona sevo alimaliza kwa dakika tano kazi niliyoiharibu usiku kucha.

Niliirusha tena. Ikaenda moja kwa moja juu ya mchanga, ikazunguka kwa heshima, ikarudi, ikatua karibu na miguu yangu bila mkwaruzo. Sikuamini. Nikageuka kupokea makofi.

Watoto walikuwa wameshaanza kutawanyika. Mmoja tu alibaki, akanitazama kwa huruma.

"Siku nyingine uje na ile ya kwanza," akasema. "Hii haijui kucheza."